Programu ni ya Bure, Lindo Si la Bure

Neno jumla halihitaji kufasiriwa mbele ya mfanyabiashara wa Kamembe. Kila asubuhi hutamkwa sokoni, kati ya magunia ya mchele wa Bugarama na ndoo za sambaza kutoka Ziwa Kivu; anunuaye kwa jumla hupata nafuu, na anunuaye kwa rejareja hulipa zaidi. Lakini ni wachache wanaojua kwamba neno hilo hilo la Kiswahili lilivuka bahari mwaka 2005, likaandikwa kwa tahajia ya kizungu, Joomla, na kuwa jina la mojawapo ya programu zitumikazo duniani kote kuendeshea tovuti. Watengenezaji wake walikuwa wamejitenga na programu nyingine iliyoitwa Mambo, jina ambalo nalo sikio la Mswahili hulipokea kama la nyumbani, baada ya kutoelewana na kampuni ya Australia iliyolimiliki. Wakatafuta neno lenye maana ya wote pamoja, wakalipata kwetu.

Programu za ukoo huo huitwa mifumo huria ya kusimamia maudhui. Ni huria kwa sababu msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kumpa mwenzake, wala hakuna ada ya leseni. Nazo husimamia maudhui kwa maana kwamba mwenye duka aweza mwenyewe kubadili bei, kuongeza picha ya chumba cha wageni au kutangaza shehena mpya ya saruji, bila kumwita fundi kila mara. Drupal, iliyoanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert, ilitolewa mwaka 2001. WordPress ilifuata mwaka 2003, na leo hubeba zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. TYPO3 ilitoka Denmark, mikononi mwa Kasper Skårhøj. Hakuna hata moja kati ya hizo inayouzwa.

Twayaandika haya katika ukurasa wa askari kwa kuwa askari wetu si mgeni katika biashara. Mstaafu aliyewekeza kiinua mgongo chake, mke wa koplo aliyeko kazini, wanaushirika waliochukua mkopo Zigama CSS: wote hao wamo katika uchumi wa mji huu, wakiwa na nyumba za wageni kando ya ziwa, maduka ya vifaa vya ujenzi, mashine za kukoboa mpunga na magari ya mizigo. Wateja wao hawako Kamembe peke yake. Wako Kigali, wako Bukavu ng'ambo ya Mto Rusizi, wako Bujumbura, na wengine ni watalii wa Ulaya waulizao njia ya msitu wa Nyungwe. Tovuti ndiyo dirisha la duka lisilofungwa jioni. Na polisi, kwa upande wake, ndiye wa kwanza kufikiwa na mwananchi mwenye kilio siku dirisha hilo linapovunjwa.

Kwa bahati mbaya, neno bure limewapumbaza wengi. Mtu husikia kwamba programu haina bei, akampa kijana fulani fedha kidogo, tovuti ikasimama kwa siku 3, picha zikang'aa, kisha kila mmoja akaenda zake. Huko ni kujenga kituo cha ulinzi na kuondoka bila kumweka mlinzi. Programu hutolewa bure. Lindo lake halitolewi bure na mtu yeyote, na gharama yake haikomi siku ya uzinduzi. Siku hiyo ndipo inapoanza.

Yafaa tuwakumbushe wasomaji tukio la Oktoba 2014. Tarehe 15 ya mwezi huo, wasimamizi wa Drupal walitangaza kwamba toleo lake la 7 lina ufa katika sehemu inayozungumza na hifadhidata, na hapo hapo wakatoa dawa. Kwa saa za Kamembe ilikuwa yapata saa 12 jioni. Kwa kuwa msimbo uko wazi, dawa ikitolewa kila mtu huiona, na mwenye nia mbaya huisoma dawa ili aujue ugonjwa. Saa chache tu baadaye mashambulizi yalikuwa yamekwisha kuanza, yakiendeshwa na mashine zisizochagua adui; hazikuuliza kama tovuti ni ya benki au ya kinyozi. Tarehe 29 wasimamizi wale walitoa onyo la pili, kali kuliko la kwanza: kila tovuti ya toleo la 7 ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo ihesabiwe kuwa imekwisha ingiliwa. Kwa saa zetu, muhula huo ulikwisha saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 16. Ni wenye tovuti wangapi waliokuwa macho saa hiyo?

Limo jambo jingine katika onyo lile ambalo askari atalielewa upesi kuliko raia. Walikuwapo wavamizi ambao, wakiisha kuingia, waliuziba ufa ule kwa mikono yao wenyewe, ili mvamizi mwingine asiwafuate nyuma. Kwa hiyo mwenye tovuti akiikuta imerekebishwa, na si yeye wala fundi wake aliyefanya kazi hiyo, asifurahi. Adui aliyekwisha tulia ndani ya ngome hulitunza lango vizuri kuliko mwenye ngome. Na kuweka dawa baada ya adui kuingia hakumtoi. Humfungia ndani, pamoja na mlango wa siri aliojichimbia. Tovuti iliyofikia hali hiyo hurejeshwa kutoka katika nakala ya akiba iliyochukuliwa kabla ya uvamizi, au hujengwa upya.

Karibu nasi zaidi, Januari 2012, mdukuzi mmoja wa Indonesia alizichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja tu. Idadi hiyo yatosha kumfikirisha mtu. Hata jambazi hodari hawezi kuvunja milango 103 usiku mmoja, isipokuwa makufuli yawe yanafanana. Na makufuli yanayofanana ndiyo hali ya tovuti nyingi ndogo za biashara: fundi mmoja aweza kuziweka tovuti za wateja 20 au 30 katika seva moja, yaani kompyuta moja ikaayo macho usiku na mchana, chini ya neno moja la siri. Tovuti ya duka la viatu ikiingiliwa kwa uzembe wa mwenye viatu, ya hoteli nayo imepotea, ingawa mwenye hoteli hakukosea lolote.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, humwumiza mfanyabiashara mdogo kuliko wadukuzi wote. Jambo lenyewe ni funguo. Anwani ya tovuti yenye kuishia kwa .rw huandikishwa chini ya RICTA, kwa kupitia wakala walioidhinishwa, na hulipiwa ili iendelee kuwa hai. Mara nyingi fundi huiandikisha kwa jina lake na kwa barua pepe yake, si kwa hila, ila kwa haraka. Baadaye fundi huhamia Kigali, au hupata kazi nje ya nchi, au hugombana na mwenye duka juu ya malipo. Muda ukiisha, taarifa ya kulipa yaenda kwa mtu asiyehusika tena, naye haijali. Anwani yakatika. Jina lililochapwa kwenye kadi, kwenye bango la barabarani na kwenye ubavu wa gari laweza kuchukuliwa na mtu mwingine kwa njia halali kabisa, na mwenye biashara hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba lilikuwa lake. Kituo cha polisi kitamsaidiaje mtu huyo? Hakuna aliyemwibia. Yeye ndiye hakumiliki tangu awali.

Jeshini hakuna askari aondokaye lindoni bila kukabidhi. Silaha hukabidhiwa, risasi huhesabiwa, daftari la matukio husomwa, neno la siri la usiku ule hupitishwa sikio kwa sikio. Mbona basi askari huyo huyo, akiisha kustaafu na kufungua nyumba ya wageni, huipokea tovuti kwa kupeana mikono? Twashauri pawe na hati ya makabidhiano, hata kama ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono. Anwani imeandikishwa kwa jina la nani, na muda wake waisha lini. Seva iko kwa nani, hulipiwa lini, na kwa kiasi gani. Programu ni ya toleo gani. Akaunti ya msimamizi mkuu iko kwa barua pepe ya nani. Fundi mwaminifu hataona haya kuijaza hati hiyo. Asiyetaka kuijaza amekwisha jibu swali ambalo halijaulizwa.

Katika hati hiyo hiyo yaandikwe mahali zilipo nakala za akiba, na tarehe ambayo mara ya mwisho mtu alijaribu kuzirejesha. Hili la pili husahauliwa. Nakala inayokaa ndani ya seva ile ile huangamia pamoja na seva. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hata mara moja ni kama bunduki iliyotunzwa ghalani miaka 5 bila kufyatuliwa: huenda italia, huenda isilie. Mara moja kila miezi 3, fundi na achukue nakala, aisimamishe mahali pa majaribio, na mwenye biashara aione kwa macho yake. Ni zoezi la nusu siku.

Juu ya viambatisho, yaani vile vijiprogramu vya kuongeza fomu ya maombi, picha zinazozunguka au hesabu ya wageni, tutasema kwa ufupi tu. Kila kimoja kimeandikwa na mtu mwingine kabisa, na wengi wa watu hao wamekwisha kuacha kukitunza. Kisichotumika kiondolewe.

Tovuti inayolindwa hukua, na kukua nako kuna majaribu yake. Mgeni mmoja abishapo hodi, programu huenda kwenye hifadhidata, hukusanya maneno, bei na picha, huzipanga zikawa ukurasa, kisha humpelekea. Ni sawa na mpishi wa kambi anayemwashia kila askari moto wake na kumwekea sufuria yake. Wakija 5, chakula kitatoka. Wakija 500, foleni itafika langoni na wengine watalala njaa. Watu wengi, wakilipata tatizo hili, hukimbilia kununua jiko kubwa, yaani seva ya bei ghali. La hasha! Dawa ya kwanza ni kupika sufuria moja na kupakua: ukurasa uliokwisha tayarishwa uhifadhiwe, na kila mgeni apewe nakala yake, mpaka bei au habari itakapobadilika. Joomla, Drupal, WordPress na TYPO3 zote zaweza kufanya hivyo bila malipo ya ziada. Ukurasa wa malipo na ule wa kuagiza chumba ndio tu usiopakuliwa namna hiyo, kwani kila mgeni ana hesabu yake, na ole wake mwenye hoteli ambaye kwa uzembe wa fundi mgeni mmoja ataonyeshwa jina na namba ya pasipoti ya mwingine.

Dawa ya pili ni picha. Picha ya simu ya kisasa yaweza kuwa na megabaiti 4 au 5, na mteja wa Bugarama hununua intaneti kwa vifurushi. Akifungua ukurasa wenye picha 10 za namna hiyo, amelipa yeye gharama ya uvivu wetu. Picha zipunguzwe kwa kadiri ya kioo cha simu kitakachozionyesha. Yakiisha hayo mawili, ndipo mtu afikirie kutoka katika seva ya kushirikiana na wengine kwenda katika seva yake mwenyewe. Kisha, biashara ikizidi kupanuka, hifadhidata ipewe mashine yake. Na mwisho kabisa ziwekwe mashine kadhaa zenye bawabu mlangoni wa kuwagawanya wageni. Tusidanganyane: biashara nyingi za Kamembe hazitafika hatua hiyo ya mwisho, na anayewauzia leo anajitafutia riziki yake mwenyewe.

Mahali pa kuiweka seva nako ni jambo la kupima. Nchi yetu haina bahari. Habari zetu za kimataifa hupitia nyaya zinazotua Mombasa na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2004 Rwanda ina kituo chake cha kubadilishana mawasiliano, RINEX, ili habari itokayo Kamembe kwenda Kigali isilazimike kuzunguka ughaibuni na kurudi. Tovuti ambayo wateja wake wengi wako hapa nchini, lakini seva yake iko Marekani, yaipoteza faida hiyo. Mwenye wateja wa Ulaya yeye aweza kuweka nakala za kurasa zake karibu nao huko.

Wala tusidhani kwamba ukubwa peke yake ni kinga. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, ambao wananchi huutumia kwa huduma za pasipoti, leseni na mengineyo, ulifurikiwa na maombi ya uongo kwa makusudi, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitapa kwamba ndilo lililofanya. Nyumba ya wageni isiyo na daftari la karatasi wala namba ya simu kando ya tovuti itafanya nini siku ya namna hiyo?

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mzigo, na kwamba ukurasa wa Facebook na namba ya WhatsApp vyatosha. Hatuwapingi wote. Mwuza ndizi wa sokoni vyamtosha kweli, na kumshauri vinginevyo ni kumpotezea fedha. Lakini mwenye vyumba 20, au ushirika unaotaka kuuza kahawa nje, akitegemea ukurasa huo peke yake amelima shamba la kukodi. Mwenye shamba akibadili masharti, au akaunti ikifungwa kwa makosa, hakuna mlango wa kubisha hapa Rusizi wala Kigali.

Juu ya gharama, serikali yenyewe imeonyesha njia moja. Kwa kupitia RISA, tovuti za wizara na wilaya, ambazo zamani kila moja ilijengwa kwa namna yake, zililetwa chini ya mfumo mmoja huria, TYPO3, ili lindo moja litoshe kwa nyingi. Sioni sababu ya vyama vya ushirika 8 au 10 vya Kamembe kushindwa kumwajiri fundi mmoja kwa jumla, kwa mshahara wa kila mwezi, badala ya kila chama kumwita wake siku ya msiba. Ila tukio la Kenya lisisahauliwe: fundi awe mmoja, lakini kila chama kiwe na chumba chake, ufunguo wake na nakala zake.

Sheria nayo imekwisha sema. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda taarifa binafsi za watu, haimhusu mwenye benki peke yake; humhusu pia mwenye nyumba ya wageni anayepokea majina, simu na pasipoti kwa njia ya tovuti. Taarifa hizo zapaswa kuhifadhiwa nchini Rwanda, isipokuwa kwa kibali cha kuzihifadhi nje. Zikivuja, Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao yapaswa kuarifiwa ndani ya saa 48. Faini ya utawala kwa anayekiuka huanzia faranga milioni 2 hadi milioni 5. Mwenye seva ya bei rahisi ng'ambo asiyejua hata iko nchi gani ana sababu ya kuamka.

Kwa ndugu zetu polisi wa zamu, neno moja la kazi. Makosa ya mtandao yana sheria yake, Na. 60/2018 ya tarehe 22 Agosti 2018, na upelelezi wake ni wa RIB. Lakini saa ya kwanza ni ya yule aliye mezani. Mwananchi akija kusema tovuti yake imechafuliwa, asichekwe, wala asiambiwe aende akafute kila kitu aanze upya. Kufuta ni kuosha damu kabla mpelelezi hajafika. Aambiwe aifunge tovuti isionekane kwa umma, achukue nakala ya hali ilivyo, na amwombe mwenye seva kumbukumbu za walioingia, ambazo mara nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache. Iandikwe saa aliyoigundua hali hiyo, na majina ya wote wenye funguo. Orodha ya pili ndiyo mara nyingi hushinda kupatikana.

Kuna kazi moja isiyongoja hata hati ya makabidhiano. Joomla 3 iliacha kupata matengenezo kutoka kwa watengenezaji wake tarehe 17 Agosti 2023. Drupal 7, ile ile ya saa 7 za mwaka 2014, iliachwa tarehe 5 Januari 2025. Ufa ukigunduliwa leo katika matoleo hayo, waliozitengeneza hawatatoa dawa tena. Kila mwenye tovuti hapa Kamembe, na kila askari ambaye jamaa yake anayo, amwulize fundi namba ya toleo. Ikiwa ni mojawapo ya hizo mbili, kuhamia toleo jipya si kazi ya kubonyeza kitufe. Ni kazi ya wiki kadhaa, yenye malipo yake, na ifanywe kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba, wageni wa Nyungwe na wa ziwani wanapoanza kuagiza vyumba.